Ukimtoa Ngozi na Upinde, Anabaki Nani?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni dada wa miaka 27, naishi Morogoro na ninafanya kazi katika duka la kuchapa na kudurufu karatasi. Kwa zaidi ya miezi mitatu sasa nimekuwa nikiandika hadithi ya mfululizo, sura moja kila Ijumaa, ambayo wasomaji wangu huipokea kwenye simu zao. Inamhusu Jabiri, kijana mpima ardhi kutoka Dar es Salaam, ambaye gari lake linaharibika karibu na Ziwa Eyasi, naye anapotea porini kwa siku nne mpaka anapookolewa na mwanamke wa Kihadzabe wa umri kama wangu.

Mwanamke huyo nilimtunga kwa mapenzi yote. Nilimfanya binti wa chifu, mwindaji hodari kuliko kaka zake, anayezungumza na ndege na kujua dawa iliyomo katika kila jani. Nilimweka katika msitu mnene ambao jua haliufikii mchana. Nilimbunia jina lenye alama mbili za mshangao katikati, ili msomaji asikie vidoko, ile milio ya ulimi, vya lugha yao, na maneno yake nikayaandika kwa Kiswahili cha kukatikakatika: "Mimi ona wewe. Wewe njaa." Katika sura ya kumi na moja anamchukua Jabiri usiku wa mbalamwezi kwenda kuchungulia ngoma ya siri ya wanaume wa kabila lake. Sijawahi kufika Eyasi. Nilisoma hiki na kile, na zaidi nilitazama picha zilizopigwa na watalii.

Wasomaji walimpenda kuliko Jabiri mwenyewe, wakaanza kumchora. Nina michoro zaidi ya thelathini niliyotumiwa, nami nimekuwa nikiionyesha pamoja na kila sura mpya. Katika mingi amevaa ngozi ya simba na manyoya kichwani. Mmoja umempa ngozi ya maji ya kunde na nywele ndefu zilizonyooka kama za katuni za Kijapani, mwingine umemvisha shuka jekundu na shanga za Kimasai, na upo mmoja ambao kwa kweli hajavaa kitu, ila majani mawili matatu.

Wiki tatu zilizopita nilipata ujumbe kutoka kwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Mang'ola, ambaye alisema mama yake ni Mhadzabe. Hakunitukana. Aliandika hivi tu: "Dada, nimesoma sura zako zote. Huyu mtu wako si wetu. Ukimtoa ngozi na upinde, anabaki nani?" Sijamjibu hadi leo, kwa sababu kila nikianza kuandika naona aibu, na baada ya aibu naona hasira, kwa kuwa mimi nilidhani ninawatukuza.

Niliwashirikisha wasomaji wachache wa karibu, wakagawanyika. Mmoja, ambaye naye ni mwandishi, alisema hayo ni mambo ya Wazungu, kwamba sisi Waafrika sote ni wenyeji wa hapa na hakuna wa kumwomba mwenzake ruhusa. Mwingine alisema Mhadzabe aandikwe na Mhadzabe, basi, nami nimfute mhusika huyo mara moja. Katikati ya mjadala huo akajitokeza kijana anayetaka kuchapa fulana zenye picha yake, tugawane faida nusu kwa nusu, na sitakuficha kwamba fedha hizo ninazihitaji.

Naomba unisaidie, Mwalimu. Je, nimfute? Nifanye nini na michoro ya watu walioichora kwa upendo? Na huyu mwalimu mwenzako wa Mang'ola nimjibu nini?

Ni mimi,
Mwenye Kalamu Iliyokwama, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako pamoja na sura ulizoziambatanisha, na kila mara jicho langu limerudi kwenye swali la huyo mwalimu kuliko kwenye maswali yako matatu, kwa sababu yeye ameshaifanya kazi ya uhariri ambayo mimi ningelipwa kuifanya. Nimejaribu kumjibu kwa kutumia sura zako, nikashindwa. Ninajua mwanamke huyo anaweza kumfanyia Jabiri nini, lakini sijui anaogopa nini, amegombana na nani kambini, ana mtoto au hana, wala anatamani nini katika siku ambazo Jabiri hayupo. Umemweka pale kama kisima cha njiani: msafiri anafika na kiu, anakunywa, anaendelea na safari yake, na kisima hakiulizwi neno.

Usimfute. Kumfuta kutakuondolea aibu wewe, lakini hakutamfaa mtu mwingine yeyote. Wahadzabe ni watu elfu moja na mia chache tu, na Mtanzania wa kawaida hukutana nao kwenye kalenda na kwenye matangazo ya safari za kitalii. Ukimwondoa mhusika wako kimya kimya, wasomaji wako watabaki na kalenda. Huyo anayesema Mhadzabe aandikwe na Mhadzabe peke yake ana neno la haki ndani ya kauli yake, nalo ni kwamba siku Mhadzabe akiandika hadithi yake mwenyewe wewe uwe wa kwanza kuisambaza kwa wasomaji wako, lakini sikubaliani naye kwamba mpaka siku hiyo tunyamaze. Anayeandika juu ya watu wasio wake anabeba tu mzigo mkubwa zaidi wa kujua, na mzigo huo ndio ulioukwepa.

Rafiki yako mwandishi nami ningependa nimjibu, maana kauli yake naisikia kila mahali. Ni kweli kwamba katika bara letu swali la nani alitangulia kufika wapi halina mwisho. Ndiyo maana Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Banjul, Gambia, na wala si Ulaya, ilipitisha mwaka 2003 ripoti ya kikundi chake cha wataalamu iliyoeleza kwamba neno "watu wa asili" kwa Afrika linalenga jamii ambazo maisha na utamaduni wao vimefungamana kwa namna ya pekee na ardhi yao, na ambazo zimesukumwa pembeni na kudharauliwa kwa sababu ya maisha hayohayo. Mwaka 2007 Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili, Tanzania ilipiga kura ya ndiyo, na ibara ya 31 ya azimio hilo inasema watu hao wana haki ya kuutunza, kuusimamia na kuuendeleza urithi wao wa utamaduni, fasihi simulizi na sanaa zikiwemo. Azimio halikukatazi kutunga hadithi. Linakukumbusha tu kwamba unapochota, kuna mwenye kisima.

Nikiri na langu kabla sijaendelea. Miaka mingi iliyopita, nikihariri jarida la watoto, nilipitisha hadithi yenye "Mndorobo" mmoja mchekeshaji, mla asali, anayeogopa kila kitu cha mjini. Baadaye sana ndipo nilipojifunza kwamba neno hilo limetokana na Kimaa, lugha ya Wamasai, na kwamba humtaja mtu asiye na ng'ombe, yaani fukara. Waogiek wa msitu wa Mau nchini Kenya na wengine wengi waliitwa kwa kitu wasichokuwa nacho, ilhali wana jina lao. Hakuna mzazi aliyelalamika, nami nikaona kutolalamikiwa ni ushahidi kwamba hadithi ilikuwa sahihi. Wewe umepata bahati ambayo mimi sikuipata: umelalamikiwa mapema, tena kwa adabu. Wahadzabe nao katika vitabu vya zamani waliitwa Watindiga, jina walilobandikwa na majirani, na hata hili la "Wahadzabe" tunalolitumia leo lina wingi mara mbili, kwa kuwa ule mwisho wa "-be" katika lugha yao tayari ni wingi. Kiswahili kimelizoea, siwezi kukuzuia, lakini ni vizuri mwandishi ajue anachokirudia.

Sasa tuingie kwenye sura zenyewe. Msitu wako mnene haupo. Bonde la Eyasi ni nchi kavu ya mibuyu, migunga na majabali, kando ya ziwa la magadi ambalo kiangazi kikikaza hunywea mpaka likabaki tambarare nyeupe. Upande wa Mang'ola, anakotoka mwalimu wako, watu wanalima vitunguu vya kumwagilia, na vitunguu hivyo husafirishwa kwa malori. Sisemi Jabiri hawezi kupotea siku nne, ila mwanamke anayemwokoa huenda anamfahamu dereva wa lori la vitunguu, na jambo hilo peke yake lingeipa sura yako ya tatu uhai kuliko giza lote ulilolipaka.

Chifu naye hayupo. Wahadzabe huishi katika kambi ndogo, mara nyingi watu ishirini au thelathini, wanaohama kufuata maji na chakula, na hawana mtawala wa kurithi wala wa kuchaguliwa. Mtu asiyeridhika na wenzake hufunga vitu vyake akahamia kambi nyingine. Najua chifu ndiye aliyekuwa kizuizi cha mapenzi katika hadithi yako. Lakini fikiria jinsi ilivyo vigumu zaidi, na kwa mwandishi ilivyo tamu zaidi, Jabiri anapotafuta mkubwa wa kumwomba ruhusa asimpate, badala yake akakuta watu ishirini na tano ambao kila mmoja ana maoni yake juu yake.

Kuhusu upinde nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo picha za watalii zilipokudanganya vibaya zaidi. Kwa Wahadzabe upinde ni kazi ya wanaume. Wanawake hutoka kwa makundi, wakiwa na miti iliyochongwa ncha, wakachimba mizizi ardhini katikati ya mawe, wakachuma matunda madogo ya vichakani na kuokota ubuyu, na chakula hicho ndicho kinachopatikana siku mwindaji anaporudi mikono mitupu, ambazo ni siku nyingi. Watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, waliofanya kazi katika eneo hilo kuanzia miaka ya 1980, waliona kwamba mabibi, wanawake ambao umri wa kuzaa umeshawapita, walikuwa miongoni mwa wachimbaji wenye bidii kuliko wote, na kwamba chakula chao kiliwasaidia wajukuu kukua. Kutokana na hayo wakajenga hoja kuhusu kwa nini binadamu wa kike huishi miaka mingi hivyo baada ya kuacha kuzaa, hoja ambayo bado inajadiliwa duniani kote. Hebu fikiria, mwanangu: bibi wa Eyasi mwenye mti wa kuchimbia amewashughulisha wanazuoni kwa miongo kadhaa, na katika sura zako kumi na nne hayumo hata bibi mmoja. Kama bado unataka mwanamke wako awe na upinde, mpe, kwa kuwa hadithi inaruhusu mtu wa pekee, lakini wenzake wauone upekee huo, wamtanie, wamkemee au wamfiche. Ulivyoandika wewe, hakuna anayeshangaa, na hapo ndipo msomaji wa Mang'ola anapojua kwamba mwandishi hajui.

Mavazi nitayapita haraka. Picha nyingi ulizoziona zimepigwa katika kambi zinazopokea wageni, ambako ngozi huvaliwa kwa ajili ya mgeni. Siku ya kawaida utakuta fulana, kaptula, khanga na kitenge, na vichwa vya mishale vilivyofuliwa kwa misumari. Ule mshale wa msumari unatosha kuwanyamazisha wanaopenda kusema kwamba hawa ni watu wa zama za mawe.

Ndege umemgusa bila kujua. Yupo ndege mmoja, mlembe, ambaye Wahadzabe humpigia mluzi naye huitikia, akawaongoza kutoka mti hadi mti mpaka kwenye mzinga wa nyuki porini. Mtu hupanda, mara nyingi kwa kupigilia vigingi kwenye shina la mbuyu, hufukiza moshi na kutoa asali, na ndege hujitafutia mabaki ya nta. Yale ni makubaliano ya kazi kati ya pande mbili, na kila upande unajua faida yake. Wewe umemfanya azungumze na ndege wote kama malaika, ilhali angezungumza na huyu mmoja tu, tena akabishana naye pale anapompeleka kwenye mbuyu usio na asali, ningekuamini.

Kiswahili chake cha kukatika kifute chote. Wahadzabe walio wengi wanajua Kiswahili pamoja na lugha yao, na wengine huongeza Kiisanzu au Kidatoga. Kwa hesabu hiyo huyo mwanamke ana lugha nyingi kuliko Jabiri. Anapozungumza na mama yake azungumze kwa sentensi kamili, zenye mizaha na mafumbo, kwa sababu katika lugha yake mwenyewe hakuna mtu anayekatika. Lugha hiyo wataalamu hawajaweza kuiunganisha kwa uhakika na nyingine yoyote duniani, hata Kisandawe chenye vidoko kama yenyewe. Waandishi wanaoiandika kwa matumizi ya kawaida huonyesha vidoko kwa herufi c, q na x, na Wahadzabe wengi wana majina yasiyo na kidoko hata kimoja, kwa hiyo zile alama za mshangao ni mapambo yako mwenyewe.

Sura ya kumi na moja iondoe nzima, hii sitaijadili sana. Ngoma uliyoikusudia huitwa epeme, na huchezwa katika giza totoro, usiku usio na mwezi, moto ukiwa umezimwa, kwa hiyo mbalamwezi yako imekosea tangu mwanzo. Kosa kubwa zaidi ni kwamba kuna mambo ya epeme ambayo ni ya wanaume waliokwisha kuingizwa humo peke yao, nawe umemfanya mwanamke wa watu amuuzie mgeni siri ya baba yake ili sura yako ipate msisimko. Kwamba wanaanthropolojia wameyaandika hakukupi wewe ruhusa. Ukitaka Jabiri aone mchezo, wapo wanaume wanaocheza lukuchuko, kamari ya kurusha vipande vya magome huku wakiwekeana mishale. Mkalishe hapo mpaka apoteze mkanda na saa yake.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya nikuandikie kwa urefu huu. Mwanangu, umemleta mpima ardhi. Katika kazi zote ulizoweza kumpa Jabiri ukachagua hiyo, kisha ukaisahau, na vifaa vyake vinabaki garini tangu sura ya kwanza. Unajua historia ya mahali hapo? Mwaka 1964 serikali ilijaribu kuwakusanya Wahadzabe wakae Yaeda Chini wawe wakulima. Maradhi yakawapata, baadhi wakafa, na wengi wakarudi porini. Miaka iliyofuata wakulima na wafugaji waliendelea kuingia kwenye maeneo yao, wakifyeka na kulisha. Mwaka 2007 palikuwa na mpango wa kuikabidhi sehemu ya Bonde la Yaeda kwa kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu, nayo ikajitoa baada ya upinzani kuwa mkubwa. Mwaka 2011 ndipo Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipopewa hati ya haki miliki ya kimila juu ya ardhi inayozidi hekta 20,000. Katika nchi yenye kumbukumbu hizo umemwangusha mtu mwenye kamba, darubini na vigingi vya mipaka, na kwa sura kumi na nne hakuna hata mmoja aliyemuuliza: umekuja kumpimia nani?

Swali hilo mpe yeye. Anapomkuta kijana amelala chini ya mbuyu, midomo imepasuka, asimwone kuwa mpenzi aliyeletwa na majaaliwa; amwone kuwa mtu wa vigingi. Ampe maji, kwa kuwa maji hayanyimwi mtu, kisha akaifiche darubini mahali ambapo Jabiri hataiona mpaka ajibu. Bibi yake, ambaye alikuwa msichana mdogo walipopelekwa Yaeda Chini, aseme aachwe afe, mjomba wake aseme apelekwe kwa mwenyekiti wa kijiji, na yeye mwenyewe awe na sababu yake ya kutaka kuisoma ile ramani iliyo garini. Mapenzi yakija baadaye, yaje kwa taabu. Utaona kwamba sijakuomba umpunguzie ushujaa hata kidogo. Nimekuomba tu awe na shida yake mwenyewe.

Michoro sasa itakuwa rahisi, kwa sababu wachoraji wako walichora ulichowaandikia. Uliandika binti wa chifu wa msituni, wakakuletea manyoya, na huwezi kuwalaumu. Ule usio na nguo uondoe leo, na umwambie aliyeuchora, faraghani, kwamba hutauonyesha tena na kwa nini. Mingine iondoe kwenye maonyesho taratibu, ukiwaandikia wenyewe mmoja mmoja bila kuwaaibisha mbele ya wenzao. Aliyemvisha shanga za Kimasai aelezwe kwamba jirani si ndugu, tena majirani wa karibu zaidi huko ni Wadatoga, Wairaqw na Waisanzu. Aliyempa ngozi ya maji ya kunde na nywele za kunyooka aulizwe, kwa upole, ni nini kilichomfanya aone kwamba mwanamke mweusi mwenye nywele fupi hawezi kupendwa na wasomaji. Hilo ni gonjwa letu sote, halikuanzia kwake. Kisha watumie sura ya kwanza mpya, yenye khanga, mti wa kuchimbia, vumbi la magadi miguuni na darubini iliyofichwa, uone watakachochora. Jambo moja tu: usiwatumie picha ya mtu halisi wa Eyasi ukawaambia wainakili. Uso wa mtu aliyepigwa picha na mgeni asiyemjua haujawa mali ya umma, na usiwe wewe wa kuugeuza kuwa mhusika.

Za fulana, ngoja. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi zisitumiwe kibiashara hivihivi, na Kenya, ambako nina hakika una wasomaji, ina sheria ya mwaka 2016 mahususi kwa maarifa ya jadi na sanaa za utamaduni, inayotaka ridhaa ya jamii husika. Wamasai nao wamekuwa na juhudi za kuyataka makampuni ya nje yanayotumia jina na sura yao yaombe idhini na yalipe. Fulana hamsini za Morogoro hazitakufikisha mahakamani, sikutishi, lakini mgawo wa nusu kwa nusu kati yako na huyo kijana una pengo ambalo hata mtoto ataliona. Mkichapa siku moja, pawe na fungu la tatu, na lijulikane linakwenda wapi kabla fulana ya kwanza haijauzwa.

Anabaki mwalimu. Mjibu leo, kwa kifupi. Mwombe radhi kwa wiki tatu za kimya, mwambie swali lake limekufanya uanze upya, na usijitetee kwamba ulikusudia mema, kwa maana hilo alishalijua, ndiyo sababu alikuita dada. Usimwombe akupe baraka kwa niaba ya Wahadzabe wote. Ni mtu mmoja, mwenye mama mmoja, na hata mama yake hakuchaguliwa na mtu kuwa msemaji. Muulize kama angekubali kuisoma sura ya kwanza mpya kwa malipo, taja kiasi kabisa, kiwe kile ambacho duka lenu humlipa mtu kwa kazi ya siku mbili tatu, na umwache huru kukataa. Akikataa, mtumie hata hivyo malipo ya ule ujumbe wa kwanza, kwa sababu alikuhariria hadithi nzima kwa sentensi tatu, na hajalipwa bado.